Visiwa Vidogo Ndani ya Kongosho: Miaka 130 ya Kutafuta Tiba ya Kisukari kwa Wanyama

SEHEMU YA 1: Swali mnaloniuliza

Wenye watoto wa kisukari huwa mnaniuliza swali moja kwa namna nyingi: "Nesi, ni kweli mtu anawekewa seli za nguruwe halafu kisukari kinaisha, sindano anatupa?"

Jibu fupi: jambo lenyewe lipo. Watu wamewekewa seli za nguruwe kweli, na madaktari wanaojulikana. Ila kuisha kwa kisukari, bado. Jibu refu ni historia ya zaidi ya miaka 130, na ndiyo nataka tuipitie taratibu. Nawaomba msome mpaka mwisho, maana mtu akiijua hii historia hadanganyiki kirahisi.

Tuanze na kongosho. Ni kiungo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula. Mwaka 1869 kijana mmoja aliyekuwa anasomea udaktari Berlin, Ujerumani, jina lake Paul Langerhans, aliangalia kongosho kwa hadubini. Akaona vikundi vidogo vya seli vimejitenga na nyingine. Kazi yake hakuijua. Baadaye vikaitwa visiwa vya Langerhans.

Na ni visiwa kweli. Piga picha unaiangalia Bahari ya Hindi kutoka kwenye ndege: maji kila mahali, halafu hapa Unguja, kule Pemba, kule Mafia. Kongosho liko hivyo. "Bahari" ni seli zinazotengeneza juisi ya kusaga chakula. "Visiwa" viko karibu milioni moja kwa mtu mzima, lakini ukivikusanya vyote havizidi asilimia 2 hivi ya kongosho zima. Humo ndani ndimo insulini inatengenezwa, ile inayoruhusu sukari itoke kwenye damu iingie kwenye misuli ikafanye kazi.

Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kinga yake mwenyewe imevishambulia hivyo visiwa na kuua seli za insulini. Siyo kwa sababu alikula pipi. Siyo kwa sababu mama alikosea kitu akiwa mjamzito. Hilo naomba likae kichwani.

Sasa wazo linakuja lenyewe: kama visiwa vimekufa, si tuweke vingine?


SEHEMU YA 2: Kondoo wa Bristol, 1893

Mwaka 1889, huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho. Mbwa akaanza kukojoa mno, na mkojo wake ukawa na sukari. Hapo ndipo ikajulikana kwamba kisukari kina uhusiano na kongosho.

Haikupita miaka mitano. Desemba 1893, mjini Bristol, Uingereza, kulikuwa na kijana wa miaka 15 anakufa kwa kisukari. Wakati huo insulini haikuwepo duniani kote. Mtoto akipata kisukari cha aina ya kwanza, wazazi walikuwa wanahesabu miezi, siyo miaka. Daktari wake, Patrick Watson Williams, akachukua kongosho la kondoo aliyetoka kuchinjwa, akakata vipande vitatu, akavipandikiza chini ya ngozi ya yule kijana.

Sukari kwenye mkojo ilipungua kwa muda mfupi. Siku ya tatu kijana akafariki.

Leo tunajua kwa nini isingewezekana. Kwanza, alipandikiza "bahari" yote pamoja na visiwa, na ile juisi ya kusaga chakula inaharibu nyama yenyewe. Pili, mwili wa binadamu unamtambua kondoo kuwa ni mgeni, na kinga inamvamia. Hayo mambo mawili yamewasumbua wanasayansi kuanzia siku ile mpaka leo: namna ya kuvipata visiwa peke yake, na namna ya kuizuia kinga isiviue.

Huwa namfikiria mama wa yule kijana. Hakuna mzazi asiyeweza kukubali kondoo, au chochote, mtoto wake akiwa katika hali ile. Ndiyo maana nawaambia, hii habari siyo ya maabara tu. Inahusu mzazi aliyeishiwa njia, na mtu aliyesimama mbele yake anayesema "tujaribu hiki".


SEHEMU YA 3: Mnyama alisaidia kweli, ila kwa njia nyingine

Ruka mpaka Toronto, Kanada. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, kwenye maabara ya Profesa J.J.R. Macleod, walifanikiwa kuvuta maji maji kutoka kwenye kongosho la mbwa yanayoshusha sukari. Hawakuhamisha seli. Walihamisha kile ambacho seli zinatengeneza.

Tarehe 11 Januari 1922 wakamchoma sindano Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyebaki mifupa, uzito kama kilo 30. Dawa ilitoka kwenye kongosho la ng'ombe. Ile ya kwanza ilikuwa chafu, sukari ikashuka kidogo tu na pale alipochomwa pakafanya jipu. Mwenzao James Collip akakaa kuisafisha. Tarehe 23 Januari wakarudia, safari hii sukari ikashuka vizuri. Leonard akaishi miaka 13 zaidi. Mwaka 1923 Banting na Macleod wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa miaka 60 iliyofuata, wagonjwa wa kisukari duniani waliishi kwa insulini ya ng'ombe na nguruwe kutoka machinjioni. Insulini ni mnyororo wa vipande 51. Ya nguruwe inatofautiana na ya binadamu kwenye kipande kimoja tu, ya ng'ombe vitatu. Ndiyo maana ilifanya kazi.

Najua kuna mama hapa amekunja uso akisikia nguruwe. Mambo ya dini sitayasemea mimi, muulize sheikh wako au kiongozi wako. Ila kuna jambo moja nalijua na lina faida: tangu mwaka 1982 iko sokoni insulini ya binadamu inayotengenezwa kwa kutumia bakteria, na nyingine kwa kutumia hamira. Insulini nyingi inayotumika siku hizi ni ya namna hiyo, haitoki kwa mnyama. Mtu asikutishe ukaiacha kwa sababu hiyo. Kama una wasiwasi, mwombe mfamasia akusomee kwenye boksi.


SEHEMU YA 4: Panya wapona, binadamu wasubiri

Sasa mtu atauliza, kama insulini ipo, kuhangaika na visiwa kwa nini? Waulize watoto wanaoishi nayo. Sindano kila siku, kujitoboa kidole, sukari inashuka usiku mtoto anatetemeka na kuchanganyikiwa, inapanda anaishia wodini. Kisiwa kizima kinapima sukari chenyewe kila dakika na kutoa kiasi kinachotosha. Sindano haina akili hiyo.

Mwaka 1967 Paul Lacy, wa St. Louis, Marekani, pamoja na mwenzake Mery Kostianovsky, walifanikiwa kutenganisha visiwa vya panya kwa kimeng'enya kinachoyeyusha nyama inayovizunguka. Tatizo la kwanza la Bristol likapata njia. Mwaka 1972 Lacy na Walter Ballinger wakavipandikiza kwa panya wenye kisukari, na panya wakapata nafuu.

Mwaka 1980 Franklin Lim na Anthony Sun wakagusa tatizo la pili. Waliviweka visiwa ndani ya vifuko vidogo sana vya aljineti, kitu kama jeli kinachotokana na mwani. Siyo mwani ule wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani, huu ni jamii nyingine, wa rangi ya kahawia. Kile kifuko kina vitundu vidogo. Sukari na hewa vinaingia, insulini inatoka, lakini seli za kinga ni kubwa, hazipiti. Ni kama chandarua: hewa inapita, mbu anabaki nje.

Wazo likawa zuri kwenye karatasi na kwa panya. Kwa mtu, mwili unaweza kukizungushia kile kifuko kovu, hewa ikakosekana, na seli zikafa humo ndani.

Na kwa nini nguruwe, siyo kondoo au ng'ombe? Insulini yake tumeshaona inafanana na yetu. Anabeba mimba siku 114 hivi tu, anazaa watoto wengi, na sukari yake inaenda kwa viwango vinavyokaribia vyetu. Kongosho za watu waliofariki hazitoshi kwa wagonjwa wote duniani, hata zikikusanywa zote.


SEHEMU YA 5: Uswidi na New Zealand

Binadamu wa kwanza kuwekewa visiwa vya nguruwe kwa utaratibu wa kisasa walikuwa wagonjwa 10 nchini Uswidi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, chini ya daktari wa upasuaji Carl-Gustav Groth. Visiwa vilitoka kwa vijusi vya nguruwe. Wagonjwa hao walikuwa na figo za kupandikizwa, kwa hiyo walikuwa tayari wanatumia dawa za kushusha kinga.

Majibu yalitoka mwaka 1994. Wagonjwa 4 kati ya 10 walionekana na alama ya insulini ya nguruwe kwenye mkojo kwa siku 200 hadi 400. Yaani seli ziliishi ndani ya mtu! Hiyo ilikuwa habari kubwa. Lakini hakuna hata mmoja aliyeacha sindano.

Mwaka 1996, New Zealand, daktari wa watoto Bob Elliott na wenzake walimwekea mwanaume wa miaka 41 visiwa vya nguruwe kwenye vifuko vya aljineti, tumboni, bila dawa za kushusha kinga. Ndani ya wiki 12 dozi yake ya insulini ilipungua kwa asilimia 30 hivi. Kufikia wiki ya 49 ilikuwa imerudi pale pale.

Miaka tisa na nusu baadaye wakamwangalia tena kwa kamera tumboni. Vifuko vilikuwepo, na baadhi ya seli zilikuwa bado hai. Baadhi tu, na hazikutosha kumsaidia.

Hapa nisimame kidogo. Habari hiyo hiyo unaweza kuiandika kwa namna mbili. "Seli za nguruwe zaishi miaka tisa ndani ya mgonjwa wa kisukari!" Ni kweli. "Mgonjwa aliyewekewa seli za nguruwe arudia dozi yake ya zamani kabla ya mwaka kuisha." Nayo ni kweli. Ujumbe unaotumwa kwenye simu zetu huwa ni ule wa kwanza.


SEHEMU YA 6: Hofu ya virusi

Sisi watu wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa sana maana ya kirusi kutoka kwa mnyama kuingia kwa binadamu. VVU ilitoka kwa sokwe, na kila ukoo hapa unajua ilichofanya.

Sasa, mwaka 1997 watafiti wa London walitangaza kwamba kuna virusi vilivyojificha ndani ya vinasaba vya nguruwe, vinarithiwa toka mzazi hadi mtoto, na kwenye maabara vinaweza kuambukiza seli za binadamu. Huwezi kuviosha, huwezi kumtibu nguruwe. Vimo ndani ya kila seli yake.

Majaribio yakasimamishwa, Marekani na kwingine. Mwaka 1999 ukatoka uchunguzi wa watu 160 waliowahi kuguswa na seli au viungo vya nguruwe kwa matibabu mbalimbali. Hakuna aliyekutwa na maambukizi ya virusi hivyo. Hofu ikapungua ila haikuisha, maana mtu mmoja akiambukizwa, hatari ni ya jamii nzima, siyo yake peke yake.

Kule New Zealand wakapata bahati ya ajabu. Kwenye visiwa vya Auckland, kusini kabisa kwenye baridi, kulikuwa na nguruwe walioachwa na mabaharia tangu karne ya 19. Wameishi peke yao miaka mingi, hawakukutana na magonjwa ya nguruwe wa mashambani. Mwaka 1999 wachache wakahamishwa, wakatunzwa mahali safi, na visiwa vyao vya Langerhans vikatumika kwenye majaribio yaliyofuata New Zealand kwenyewe na Argentina. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu upande wa sukari kushuka ghafla. Kuacha insulini kabisa kwa kudumu, hapana.

Mwaka 2017 kundi lingine la wanasayansi likatangaza watoto wa nguruwe waliozaliwa wakiwa wamezimwa virusi hivyo kwenye vinasaba. Hiyo ni hatua ya kweli, na ni moja ya sababu jambo hili limerudi kuzungumzwa.


SEHEMU YA 7: Watoto 12 wa Meksiko

Hii ndiyo sehemu ninayotaka kila mama aisome mara mbili.

Kuanzia mwaka 2000, jijini Mexico, daktari Rafael Valdés-González na wenzake waliwawekea visiwa vya nguruwe vijana 12 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Umri wao ulikuwa miaka 11 hadi 17. Walitumia mirija ya wavu wa chuma chini ya ngozi, na visiwa vilichanganywa na seli kutoka kwenye korodani za nguruwe, ambazo zina uwezo wa kutuliza kinga.

Mwaka 2005 walitoa ripoti ya miaka minne. Nusu ya vijana dozi ya insulini ilipungua. Wawili waliacha sindano kwa miezi kadhaa. Unaweza kuona kwa nini wazazi walifurahi.

Lakini wataalamu wenzao duniani walipinga vikali. Walisema majaribio ya wanyama wanaofanana zaidi na binadamu hayakutosha kabla ya kuja kwa watu. Walisema suala la virusi halijatulia. Na walisema hawa ni watoto. Mtu mzima anaweza kusema "nimeelewa hatari, nakubali". Mtoto wa miaka 11 anaamuliwa na wazazi, na wazazi wamechoka na sindano, wanataka kusikia neno tiba.

Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani lilipitisha azimio: nchi isiruhusu kupandikiza seli au viungo vya wanyama kwa binadamu kama haina mamlaka na usimamizi wa kweli wa kufuatilia jambo hilo. Kwa sababu ilishaonekana kwamba pale pasipo na usimamizi, mgonjwa anaweza kusafiri, akalipa, akawekewa, akarudi kwao, na hakuna anayemfuatilia.


SEHEMU YA 8: Tumefika wapi, na wewe ufanye nini

Wakati nguruwe wanasubiri, visiwa vya binadamu vilisonga mbele. Mwaka 2000 kundi la James Shapiro, Edmonton, Kanada, lilitangaza wagonjwa 7 waliowekewa visiwa kutoka kwa watu waliofariki, wote wakaacha insulini. Dunia ikashangilia. Majaribio yakapanuliwa hospitali kadhaa, wagonjwa 36. Baada ya mwaka mmoja, 16 walikuwa hawahitaji sindano. Baada ya miaka miwili, 5.

Mwaka 2025 ikaja taarifa ya visiwa vilivyokuzwa maabara kutoka seli shina za binadamu: kati ya wagonjwa 12 waliopata dozi kamili, 10 hawakuhitaji insulini baada ya mwaka. Hiyo ni nzuri kuliko chochote cha nguruwe mpaka sasa. Lakini wanatumia dawa za kushusha kinga, na kwenye jaribio hilo mgonjwa mmoja alifariki kwa uti wa mgongo wa fangasi. Sisi wauguzi tunaujua ugonjwa huo kwa wagonjwa ambao kinga yao imeshuka sana. Ndiyo maana majaribio haya huchagua watu wazima ambao sukari yao inashuka hatari bila wao kuhisi. Kwa mtoto anayeendelea vizuri na insulini, kumshusha kinga maisha yake yote ni kubadilisha ugonjwa kwa ugonjwa.

Kwa hiyo mtu akikuletea habari ya seli, za nguruwe au za nini, muulize maswali manne. Seli ziliishi muda gani? Wangapi waliacha sindano kabisa, na baada ya miaka miwili wamebaki wangapi? Wanatumia dawa gani kuzuia kinga? Nani anasimamia, na nani atamfuatilia mwanangu baadaye? Na moja la nyongeza: kama ni jaribio, kwa nini nalipishwa?

Akijibu kwa ushuhuda wa mtu mmoja aliyepona, umeshapata jibu lako.

Mengine ni haya. Usiache insulini kwa mtoto wa aina ya kwanza hata siku moja kwa sababu ya seli, mizizi, maombi au unga wa majani. Omba, ndiyo, na sindano mchome. Bila insulini asidi inajaa kwenye damu, na mtoto anaweza kufariki ndani ya siku chache. Yule kijana wa Bristol alikuwa katika hali hiyo, na dawa yake ilikuwa bado miaka 28 kugunduliwa. Ya mwanao iko kwenye friji.

Na wewe ambaye mwanao hajawahi kupimwa: mtoto akianza kukojoa sana, akarudia kukojoa kitandani wakati alishaacha, anakunywa maji hayatoshi, anapungua huku anakula, amechoka tu, usisubiri wiki. Mpeleke kituo cha afya, sema "naomba mpimeni sukari". Ni tone moja la damu. Akishaanza kutapika au kupumua kwa nguvu na haraka, hiyo ni dharura, usiku huo huo.

Mimi natamani siku ifike watoto wetu waache sindano, na naamini wanaoitafuta hiyo siku wanafanya kazi ya kweli. Itakapofika, utaisikia kwa daktari wa kliniki yako, haitakuja kwa ujumbe wa kusambaziwa usiku. Mpaka wakati huo tunamtunza mtoto kwa kile kilichopo. Mtumie mama mwenzako asome.